Dawa ya Guka

Guka wangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako hapo Gachoka, na baba yako yuko nje anapiga viatu vyako rangi kwa mara ya pili, utadhani huko Mikinduri unaenda kuoa na si kuanza kazi. Mambo ya blanketi, ya soksi nzito, ya kutoweka pesa zote katika mfuko mmoja, ameshakuambia yeye, na najua umeshayasahau. Sitayarudia. Nimeketi hapa kwenye cherehani yangu, nimesogeza kando sare za watoto wa shule, na ninaandika kwa sababu kuna jambo ambalo mdomo wangu umelishindwa miaka yote hii. Labda mkono utaliweza.

Kwanza nikwambie kwamba nimefurahi. Nimefurahi mpaka leo mteja mmoja ameniuliza kama nimepata wajukuu. Mtoto wangu ni muuguzi, ameajiriwa, anaenda kutibu watu. Nikifa leo, mazishini wasiseme nilikuwa na huzuni.

Lakini kuna neno ulilisema mwezi wa nane, na tangu siku hiyo linanitembelea. Ulikuwa umerudi kutoka kwa mafunzo yako ya wodini, ukakataa githeri, ukakataa chai, ukaenda kumsaidia baba yako kufunga mbuzi. Mimi nilikuwa jikoni, na unajua ukuta wa jikoni yetu ni mbao tu. Nilikusikia ukimweleza jinsi ulivyoita "Mama Kendi" wodini, mwanamke mmoja akaitika, ukaenda kwake na sindano ya Mama Kendi mwingine. Bahati nzuri yeye mwenyewe akakwambia kwamba ameshadungwa asubuhi. Hakuna aliyeumia. Wewe ukaenda ukamweleza mkubwa wako, naye akakufokea mbele ya wodi nzima hadi wagonjwa wakakuonea huruma. Ndipo ukamwambia baba yako, "Baba, afadhali ningenyamaza tu. Hakuna mtu angejua."

Baba yako, ambaye hujibu mambo baada ya wiki mbili, akafunga mbuzi wa mwisho. Mimi nikaendelea kusonga ugali. Kesho yake nikaenda kwa Sista Marigu wa zahanati, nikamwambia ulichosema. Akasema, "Mwambie. Mwambie yote, na jina langu usiliruke."

Kwa hivyo ninakuambia.

Tangu uwe na akili, Sista Marigu amekuwa na mchezo mmoja nawe. Akikuona, hata kama mlionana jana yake, hukusimamisha na kukuuliza, "Unaitwa nani?" Nawe ilibidi useme jina lako la ubatizo, jina la babu yako, jina la baba yako, na umri wako, ndipo akupe ndizi. Ukiruka jina moja, ndizi inarudi mfukoni. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unasimama wima kama askari. Ulipofika kidato cha pili ukaanza kuona haya, ukawa unamjibu huku unaangalia pembeni, lakini ndizi ulikuwa unachukua. Siku ulipopata barua ya chuo cha uuguzi, yeye ndiye aliyekushoneshea hapa kwangu koti jeupe la kwanza, na hata siku hiyo, kabla sijakupima mabega, alikuuliza, "Unaitwa nani?" Ulicheka. Ulidhani ni utani.

Si utani. Nitakuambia mchezo ule ulitoka wapi, lakini lazima nianze na jina lenyewe.

Wageni wakinisikia nikikuita Guka hucheka, kijana mzima kuitwa babu na mama yake. Hapa kwetu Mbeere hakuna anayeshangaa. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, na mke naye hatamki jina la baba mkwe wake, ni heshima. Sasa mama afanye nini na mtoto mwenye jina ambalo haruhusiwi kulitamka? Humwita Guka, na maisha yanaendelea. Watu wengine sokoni huniita kwa jina lako, Mama Fulani, na ninaitika vizuri tu. Kulitamka mimi mwenyewe, sijawahi. Hata kwenye barua hii unaona ninalizunguka.

Nyumba yetu basi ilikuwa na Guka wawili. Guka mkubwa, mkwe wangu, alikuwa na ugonjwa wa presha na akimeza dawa kila siku. Guka mdogo ulikuwa wewe, ulikuwa unakaribia miaka mitatu, una tumbo la uji na hutaki kuvaa suruali.

Ukapata kikohozi kibaya. Nikakubeba hadi zahanati ndogo tuliyokuwa nayo enzi hizo, ile iliyohamishwa baadaye. Sista Marigu alikuwa bado msichana, hajamaliza hata mwaka tangu aajiriwe. Alikuangalia kifua, akahesabu unavyopumua, akasema kifua kimeshika lakini kinatibika. Dawa yako ilikuwa vile vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwa maji, na vilikuwa vimeisha, sanduku jipya lingeletwa kesho. Akaniambia, "Usimbebe tena na hii jua. Kesho kuja tu wewe uchukue."

Kesho yake nikakuacha na Guka mkubwa, nikaenda. Ilikuwa siku ya chanjo, foleni ilifika kwenye mwembe, watoto wanalia kila upande. Nilipofika dirishani Sista hakuinua hata kichwa. Akauliza, "Ni ya nani?"

Nikasema, "Ya Guka."

Hivyo tu, mwanangu. Mimi nilisema ukweli, na yeye alisikia ukweli. Mkwe wangu alikuwa mgonjwa wake, na wiki hiyo ndiyo dawa zake huisha. Hata Sista alikuwa ameshazitenga. Akatia vidonge kwenye bahasha, akaandika jina, ambalo ni la babu na ni lako, akaandika moja mara mbili, akaniambia kimoja asubuhi na kimoja jioni. Akaniuliza, "Umeelewa, mama?" Nami nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Ukitaka kujua kosa langu liko wapi, liko hapo. Si kwamba sikujua kuuliza. Niliona vidonge ni vingi. Nikajiuliza, mbona mtoto wa kikohozi apewe vya mwezi mzima? Lakini nyuma yangu kulikuwa na wamama ishirini na jua, na Sista alikuwa amesoma, na mimi nilitaka nionekane mtu anayeelewa haraka. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku, halafu sisi wenyewe tukifika dirishani tunatikisa kichwa kama mbuzi anayefukuza nzi.

Nikafika nyumbani, nikatia kidonge kwenye kikombe cha maji. Hakikuyeyuka. Nilikuwa nimeambiwa kitayeyuka chenyewe kama sukari, nacho kimekaa chini ya kikombe kinaniangalia. Nikakiponda kwa mgongo wa kijiko, nikatia sukari, nikakunywesha. Ulilia kidogo, ukalamba sukari, ukarudi kucheza na vifuniko vya soda.

Baadaye ukaacha kucheza. Ukajilaza kwenye gunia pale mlangoni, ukalala. Nami nilishukuru, Guka. Nilishukuru Mungu kwamba dawa imefanya kazi na mtoto amepumzika, nikakanyaga cherehani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilikuwa nimefurahi na huku unazama.

Aliyekushtukia ni Guka mkubwa. Aliingia kutafuta kiti chake, akakuinamia, akakushika shavu. Akasema, "Huyu mtoto ni baridi." Kisha akaniuliza kama nilimkumbukia dawa yake. Nikamwambia yake sikuulizia, niliendea ya mtoto, ile pale kwenye meza. Akaichukua bahasha, akamimina vidonge kiganjani. Alivitazama kwa muda kidogo tu.

"Hizi ni zangu," akasema.

Sikumbuki nilisimamaje. Nakumbuka pikapu ya muguka, zile zinazokimbiza majani ya kutafuna sokoni na huwa hazisimami hata wakiona ng'ombe barabarani, na hiyo ilisimama kwa sababu Guka mkubwa alijiweka katikati ya njia na fimbo yake. Nilipanda nawe mbele, mzee akapanda nyuma. Ulikuwa umelegea kama nguo iliyotoka kwenye maji. Tulipofika zahanati Guka mkubwa akagonga paa la gari lisimame. Sista Marigu akatoka mbio, akaona bahasha mkononi mwangu, akaona sura yako.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo neno lako la mwezi wa nane linapopita.

Vidonge vilikuwa vyeupe, vya duara, kama vidonge vingine vyote duniani. Bahasha ilikuwa na jina na moja mara mbili, basi. Jina la dawa halikuwepo. Angeweza kusema, "Kimbieni hospitali, mimi sijui." Angeweza kusema mimi ndiye niliyechanganya nyumbani, Guka wawili, bahasha mbili, mama ambaye hakusoma sana, nani angebisha? Mimi mwenyewe ningeamini. Alikuwa na kazi mpya, na nyuma yake wadogo zake wanasomeshwa na mshahara huo. Angenyamaza, hakuna mtu angejua.

Akasema, "Ni mimi. Ni za presha, za mzee. Ni mimi nimempatia mama yake." Akamwachia mwenzake dirisha, akapanda nyuma ya pikapu juu ya magunia ya muguka na sare yake nyeupe, akaingiza mkono kwenye lile dirisha dogo la nyuma, akakushika kifundo cha mkono akihesabu mapigo yako njia nzima hadi Embu.

Pale hospitali daktari alitupokea mlangoni. Akaniuliza, "Mtoto anaitwa nani?"

Nikasema, "Guka."

Daktari akamtazama mzee, akanitazama mimi, akauliza tena polepole, kama mtu anayeongea na aliyerukwa na akili. Nami sikuweza. Mtoto wangu yuko hali hiyo na jina halitoki. Guka mkubwa ndiye aliyelitamka, akasema, "Andika jina langu. Ni letu sisi wawili." Kisha daktari akauliza umekunywa nini, na hapo nilikuwa sina hata la kuzunguka. Sista Marigu akajibu kutoka nyuma yetu. Alitaja jina la dawa, nguvu yake, kidonge kimoja, asubuhi, na akarudia, "Ni mimi nilikosea." Daktari hakuwa na wakati wa kumuuliza zaidi. Alikuchukua akaingia nawe ndani.

Baadaye alimwambia baba yako kwamba kama wangeanza kubahatisha ulichokunywa, wangechelewa. Walijua cha kufanya kwa sababu walijua ni nini. Umesoma mambo hayo, utaelewa kuliko mimi. Mimi ninachoelewa ni kwamba uko hai, una ndevu tatu unazozinyoa kila Jumapili, kwa sababu msichana mmoja hakunyamaza.

Kesho yake uliamka ukadai uji, kisha ukauliza gari liko wapi.

Ningependa kukuambia kwamba nilimkumbatia Marigu. Sikumkumbatia. Hofu ilipotoka iliiachia hasira kiti. Nilimkuta pale kwenye benchi la nje, hajala, hajaenda nyumbani, nikamwambia mbele za watu kwamba mikono yake inafaa kupanga nyanya sokoni, si kushika dawa za watu. Nilimwambia na mengine, hayo sitayaandika. Alinisikiliza hadi nikamaliza, akasema, "Ni kweli, mama. Ni mimi." Jibu hilo lilinikasirisha zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

Nilikwenda hadi kwa kamati ya zahanati nikataka aondolewe. Wengi walikuwa upande wangu. Guka mkubwa alikuja kwenye mkutano bila kuniambia. Alisimama kwa fimbo yake, akasema kwa Kimbeere maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Huyu hatarudia hili kosa maishani mwake. Mkimfukuza mtaletewa mwingine, na huyo bado hajakosea." Akaketi. Mwisho wa mwezi akaenda kwa dirisha lile lile, akachukua dawa zake kwa mkono wa Marigu, na alipita njia ya sokoni makusudi ili kila mtu amwone.

Mimi nilikuwa mgumu kuliko mzee. Kwa muda nilikuwa nikipita zahanati nikiwa nimegeuza uso, nanunua dawa za maji kwenye duka la mjini kwa bei ya kunyonya damu. Lakini habari zilikuwa zinanifikia, maana nguo watu hushona kimya ila mdomo hawafungi. Walisema Sista Marigu ameshikwa na kitu. Kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha anasimama mbele ya benchi na kuwaambia watu wote, "Mimi nilimpa mtoto dawa ya babu yake. Mama yake akatikisa kichwa, nami nikatosheka. Kwa hivyo leo hakuna kutikisa kichwa. Utaniambia jina, utaniambia umri, utaniambia ni dawa ya nini na utaitoa vipi nyumbani."

Watu waliona ni aibu. Wengine walisema amechanganyikiwa. Kisha kikaanza kichekesho cha majina. Mama mmoja wa huku bondeni alikuja kumchukulia mkwe wake dawa. Akaulizwa ni ya nani, akasema ni ya yule aliyemzaa mume wangu. Mume wako ni nani? Ni mtoto wa huyo. Foleni yote ikacheka, naye hakutamka. Sista akafikiri, akasema sawa, hutalazimika kutamka, weka kidole kwenye kadi. Tangu hapo wamama wote wenye wakwe walikuwa wakiweka kidole. Kadi za zahanati yetu zilikuwa chafu pale kwenye jina tu.

Na watu wakaanza kuongea. Mzee mmoja akarudisha vidonge akasema za mwezi uliopita zilikuwa ndefu, hizi mbona ni fupi. Mama mwingine akasema mtoto wake aliwahi kuvimba mwili kwa sindano kama ile aliyoandikiwa, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Walimwambia yeye kwa sababu alikuwa ametangulia kujivua nguo mbele yao. Mtu akishakuambia kosa lake, huoni haya kumwambia lako.

Siku niliporudi ulikuwa na mapunye kichwani. Nilipofika dirishani Sista alinitazama kama anavyomtazama mteja mwingine yeyote, akauliza, "Mtoto anaitwa nani?" Nikaweka kidole kwenye kadi. Akauliza umri, nikasema. Akanipa dawa ya kupaka, akasema, "Sasa nieleze. Utampaka vipi?" Nikaanza kumweleza, asubuhi baada ya kuosha, jioni kabla ya kulala, na katikati nikaona analia, nami nikaanza kulia, na wale wa nyuma wakaanza kunung'unika kwamba kama ni mazishi tuhamie nje. Hivyo ndivyo tulivyopatana. Hatukuliongea tena hadi mwezi ule wa nane.

Basi sasa unajua kwa nini anakuuliza unaitwa nani. Anakuuliza wewe kwa sababu siku moja hakukuuliza.

Hatukukuficha kwa ubaya. Tulikuambia uliwahi kuugua sana, na hilo ni kweli, na zahanati ilipohamishwa hata waliojua waliacha kulisema. Tulingoja upate masikio ya kulisikia, na ulipoanza kumpenda Sista tukaogopa kuharibu. Kisha ukasema lile neno, nikaona kwamba kumbe tumekunyima kitu kilicho chako.

Sikufundishi kazi yako. Wewe unajua dawa, mimi najua mifuko na kola. Ila hata mimi niliwahi kushona suruali mbili za wateja wawili wenye jina moja, mrefu akapata ya mfupi, akaenda nayo kanisani, na pasta mwenyewe alishindwa kuhubiri. Tangu hapo simwambii mteja, "Wewe ndiye Nyaga wa kiuno thelathini na nne?" Maana atasema ndiyo. Watu wetu ukiwauliza swali lenye ndiyo ndani yake, watakupa ndiyo kwa heshima. Ninamuuliza, "Unaitwa nani, na nilikupima nini?" halafu nanyamaza. Ukimwita Mama Kendi, mama yeyote mwenye Kendi ataitika, na huko Umeruni watakuwa wengi. Yule mama wa wodini hakukosea kuitika.

Na huko Mikinduri utakuwa mgeni wa lugha pia. Kimeru na Kimbeere ni ndugu, lakini hata ndugu huwa na siri zao. Utasikia neno linalofanana na letu uone umelielewa, na labda hukulielewa. Usijidai. Waache wakucheke, mwambie mzee akuonyeshe kwa mkono panapouma. Ukimaliza kumweleza dawa akatikisa kichwa, mkumbuke mama yako na foleni ya chanjo. Kule kutikisa kichwa ni salamu tu.

Utakosea, Guka. Nisingependa uende na uongo wa kwamba mtoto wangu hatakosea. Siku hiyo mkubwa wako atakufokea, na makelele yake yatakuuma, lakini makelele ya mkubwa huisha jioni akienda kunywa chai. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ukificha, maradhi hayatakuwa yako, yatakuwa ya mtoto wa mtu aliyelala kwenye gunia mlangoni na mama yake anashukuru Mungu. Kwa hivyo ulipomweleza mkubwa wako kuhusu ile sindano ulifanya kazi ya Sista Marigu, na mimi jikoni nilipaswa kutoka na mwiko wangu nikakwambie papo hapo kwamba ninakuonea fahari. Nilichelewa. Ninakuambia sasa.

Na utakapokuwa wewe ndiye mkubwa, akija mtoto wa watu anatetemeka na kosa lake mkononi, usimfokee. Mpe kiti kwanza. Ukitaka kumfokea, fikiria ungekuwa wapi kama Guka mkubwa angewaacha watu wafuate hasira yangu.

Baba yako amemaliza viatu. Anakohoa hapo nje ili nijue amemaliza.

Kesho asubuhi Sista Marigu atakuja kukuaga. Miguu yake si mizuri siku hizi lakini amesema atakuja, na atakuja na ndizi. Usimwambie kwamba unajua, wala usimshukuru kwa maneno mengi, atalia na safari ichelewe. Atakuuliza lile swali lake. Mjibu polepole, majina yote, na umri, huku unamtazama usoni. Ataelewa.

Kuna jambo la mwisho. Wiki ile kabla babu yako hajatuacha, nilikuwa nikimpa dawa zake, na kama kawaida nilikuwa nimesema ni za Guka. Akacheka, akasema, "Mama, nikishaenda, mwite huyo mtoto jina lake. Usiogope. Mimi sitaitika." Nilimwambia nitajaribu. Miaka imepita, na kila nikifungua mdomo namwona amesimama na fimbo yake. Lakini huko unakoenda hakuna anayekujua kama Guka. Nikipiga simu usiku wakauliza namtaka nani, siwezi tena kujibu nilivyomjibu yule daktari.

Kwa hivyo nimefanya mazoezi hapa kwenye cherehani, mlango umefungwa. Mara ya kwanza sauti ilikataa. Kesho ukifika pale langoni nitakuita kwa sauti, baba yako asikie, majirani wasikie.

Ireri.

Itika wewe.

Mama yako